Ugenini kwa Watani: Mwongozo Kamili wa Kwenda Uwanja wa Timu Pinzani

Kabla hujaulizia tiketi, usafiri au saa ya mechi, amua kwanza jambo moja: unakwenda kwa watani kama shabiki wa wageni, mwenye jezi na sauti, au unakwenda kama mtazamaji aliyetulia katikati ya wenyeji? Chagua moja. Mashabiki wengi wanaoumia au kutolewa nje ugenini ni wale waliotaka vyote viwili, kiti cha jukwaa la wenyeji na shangwe za jukwaa la wageni. Uamuzi huu ndio utakaokuongoza ununue tiketi gani, uvae nini, upite geti lipi, na ufanye nini timu yako ikifunga.

Sisemi hivi kwa kutishana. Tarehe 29 Mei 1985, kwenye uwanja wa Heysel mjini Brussels, Juventus na Liverpool walikutana kwenye fainali ya Kombe la Ulaya. Sehemu moja ya uwanja, iliyopewa herufi Z, ilitengwa kwa ajili ya watazamaji wasio na upande. Tiketi zake nyingi zikaishia mikononi mwa mashabiki wa Juventus, nao wakajikuta wametenganishwa na wale wa Liverpool kwa uzio mwepesi tu. Kundi la Liverpool lilipovamia, watu wakakimbilia upande wa pili, wakabanana ukutani, na ukuta ukaanguka. Watu 39 walikufa kabla mpira haujaanza kuchezwa. Chanzo kilikuwa zaidi ya kimoja, ubovu wa uwanja ukiwemo, lakini watu kukaa mahali ambapo hawakupangiwa kulichangia sana.

Hatua ya 1: Hakikisha wageni wanaruhusiwa

Usidhani kwamba kila mechi ina nafasi ya wageni. Argentina ilizuia mashabiki wa ugenini kwenye mechi za ligi mwaka 2013 baada ya shabiki kuuawa, na marufuku hiyo ikadumu miaka mingi. Fainali ya 2018 ya Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, kati ya River Plate na Boca Juniors ilipangwa kuchezwa mara mbili bila wageni, na bado basi la Boca lilishambuliwa njiani. Mechi ya marudiano ikahamishiwa Madrid. Uholanzi, mechi za Ajax na Feyenoord zimekuwa zikichezwa bila wageni tangu 2009. Ufaransa na Italia hutoa marufuku kwa mechi mojamoja, na mara nyingine tangazo hutoka siku chache tu kabla ya mechi. Italia inaweza hata kuwazuia wakazi wa eneo fulani kununua tiketi.

Kwa hiyo tafuta taarifa kwenye tovuti ya klabu yako na ya wenyeji, kisha angalia tena siku mbili tatu kabla ya safari. Usilipie malazi au usafiri usiorudishiwa fedha kabla nafasi ya wageni haijathibitishwa.

Pale ambapo wageni wanaruhusiwa, idadi huwa na ukomo. Mashindano ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, humtaka mwenyeji atenge angalau asilimia 5 ya uwanja kwa ajili ya wageni, tena katika eneo lililotengwa. Ligi Kuu ya Uingereza hutoa nafasi 3,000, au asilimia 10 ya uwanja ikiwa uwanja ni mdogo. Maana yake ni kwamba uwanja wa watu 60,000 unaweza kuwa na wageni 3,000 peke yao, na mechi ya watani ndiyo inayogombewa kuliko zote.

Hatua ya 2: Pata tiketi sahihi

Kama umeamua kwenda kama mgeni, tiketi yako hupatikana kwa klabu yako mwenyewe, si kwa wenyeji. Klabu nyingi hugawa tiketi za ugenini kwa kuangalia nani amesafiri na timu msimu mzima. Anayetaka kuiona dabi ugenini afanye kazi hiyo mapema: ajiunge na tawi la mashabiki, ajisajili kama mwanachama, asafiri kwenye zile mechi ndogo ambazo hakuna anayezigombea. Nazipenda sana safari hizo. Ndizo zinazokufundisha kusafiri na wenzako kabla hujafika kwenye mechi kubwa.

Walanguzi waepuke kabisa. Ugenini, tiketi ya mlanguzi ina hatari mbili. Ya kwanza ni kuwa feki. Ya pili ni mbaya zaidi: kuwa halali, lakini ya jukwaa la wenyeji. Tiketi nyingi siku hizi hubeba jina la mnunuzi na hukaguliwa pamoja na kitambulisho, kwa hiyo hata tiketi halisi inaweza kukataliwa getini kwa sababu jina si lako. Ukiipata yako, usiipige picha na kuirusha mitandaoni. Mtu akinakili msimbo wake na kukutangulia getini, wewe ndiye utakayebaki nje.

Kama umeamua kukaa na wenyeji, soma masharti ya tiketi kwanza. Klabu nyingi zimeandika wazi kwamba shabiki wa wageni atakayejulikana kwenye jukwaa la wenyeji atatolewa, na hatarudishiwa fedha. Ukiona masharti hayo, ujue unaweza kutolewa hata kama hujamgusa mtu. Ukiendelea, chagua majukwaa ya pembeni, yale yanayotazama mstari wa kati, au sehemu ya familia. Nyuma ya goli ndiko wanakokaa waimbaji na vikundi sugu, na huko mgeni asiyejulikana huonekana haraka. Jukwaa la kusini la Borussia Dortmund, kwa mfano, lina watu wapatao 25,000 waliosimama, wanaojua nyimbo zote na kuzijua sura nyingi zinazowazunguka. Mahali kama hapo si pa kujificha.

Epuka pia viti vinavyopakana na jukwaa la wageni. Wengi huvidhania kuwa salama kwa sababu "wenzangu wako karibu". Ukweli ni kwamba mpakani ndiko kejeli zinakorushwa, chupa zinakoangukia na polisi wanakojipanga.

Ukiwa na mwenyeji wako, rafiki au ndugu anayeshabikia timu ile, nenda naye. Hakuna kinga bora zaidi. Ila mwambie ukweli kwamba wewe ni wa upande wa pili. Usimfanye aje kujua goli likiingia.

Hatua ya 3: Panga kurudi kabla ya kupanga kwenda

Watu hupanga kwenda kwa makini, halafu safari ya kurudi wakaiachia bahati. Anza na kurudi. Mechi ya ligi huchukua takriban saa mbili ukijumlisha mapumziko na dakika za nyongeza. Mechi ya mtoano ikienda hadi dakika 120 na penalti hufika karibu saa tatu. Hapo ongeza muda wa kuzuiliwa jukwaani baada ya kipenga, ambao kwa wageni unaweza kuwa robo saa au saa nzima. Kama treni au basi la mwisho haliachi nafasi kwa hesabu hiyo, panga kulala hukohuko.

Basi la tawi la mashabiki ndilo chaguo langu la kwanza kwa mechi ya watani. Madereva wanajua maegesho ya wageni, polisi wanalisubiri, na mkirudi hamtawanyiki. Kuna mechi ambazo huna hiari: Uholanzi, kwa mechi zenye hatari, tiketi ya mgeni huuzwa pamoja na usafiri uliopangwa, na bila kupanda usafiri huo huingii.

Ukienda na gari lako, ondoa kila kitu kinachotaja timu: stika, kitambaa cha dirishani, skafu kwenye kiti cha nyuma. Egesha mbali, mwendo wa dakika ishirini au thelathini kutoka uwanjani, na uelekeze gari upande wa kutokea.

Hatua ya 4: Mavazi na mzigo

Anayekaa jukwaa la wageni avae jezi, lakini awe na koti lisilo na rangi za timu yoyote juu yake. Linafungwa barabarani na kufunguliwa jukwaani. Skafu iingie mfukoni mpaka ufike geti lako. Anayekaa na wenyeji asivae rangi yoyote ya timu yake, hata soksi, na asivae jezi ya wenyeji kwa kujificha. Kujifanya mmoja wao ndiko kunakowakasirisha zaidi ukigundulika, na wimbo usioujua utakuumbua mapema. Vaa mavazi ya kawaida yasiyovutia macho.

Kumbuka picha ya mbele ya simu yako. Nembo ya timu inayowaka kila ujumbe unapoingia imeshawafichua wengi.

Begi liwe dogo. Viwanja vingi haviruhusu begi linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4, na sehemu ya kuhifadhi mizigo mara nyingi haipo au iko upande wa wenyeji. Chupa za kioo, makopo, miavuli mirefu, fataki na moto wa rangi acha nyumbani. Uingereza, kukutwa uwanjani na fataki au moto wa rangi ni kosa la jinai hata kama hujauwasha. Bango au bendera kubwa huhitaji kibali cha mapema, nacho huombwa kupitia klabu yako. Dawa unazotumia zibebe pamoja na cheti cha daktari. Beba kitambulisho, chaja ya kubebea iliyojaa, na fedha taslimu kidogo pamoja na kadi, kwa kuwa viwanja vingi sasa havipokei noti. Namba mbili za wenzako ziandike kwenye karatasi. Simu ikizima au ikipotea, karatasi ndiyo itakayokuokoa.

Hatua ya 5: Kutoka kituoni hadi kitini

Fika mapema kuliko unavyofika kwenye uwanja wenu. Ukaguzi wa wageni ni mkali zaidi, mageti yao ni machache, na mistari husogea polepole. Saa moja na nusu kabla ya mpira kuanza inatosha kwa kawaida.

Geti la wageni huwa upande wake, mara nyingi na barabara yake. Lichunguze kwenye ramani ukiwa nyumbani na ujue unalifikia kutokea upande gani. Kosa la upande linaweza kukuzungusha uwanja mzima katikati ya maelfu ya wenyeji. Ukipotea, muulize msimamizi aliyevaa kizibao au askari. Usiwaulize watu waliosimama vikundi, na usisimame njiani ukiwa umeinua ramani kwenye simu. Ingia mahali tulivu, itazame, kisha uendelee.

Baa zilizo karibu na uwanja zina wenyewe. Kama klabu yako haijatangaza mahali pa wageni kukutana, kaa mbali na uwanja mpaka saa ya kuingia. Pombe isubiri kabisa. Sihubiri dini hapa. Ugenini unahitaji masikio na macho, na mlevi ndiye wa kwanza kurudishwa getini.

Polisi wakiwakusanya na kuwasindikiza kwa miguu, fuata msafara. Unachosha, unakwenda polepole, na mara nyingine unakera kwa sababu hata chooni unaomba ruhusa. Lakini anayetoroka msafara ndiye anayekutwa peke yake kwenye kona.

Hatua ya 6: Dakika tisini

Ukishaingia, kabla ya kutazama nyasi tafuta njia mbili za kutokea: uliyoingilia na nyingine. Angalia ngazi ziko wapi na kama zina vishikio, uzio uko wapi, choo kiko wapi. Kubalianeni na wenzako mtakutania wapi mkipoteana, pawe nje ya uwanja na mbali na geti.

Jukwaa la wageni lina raha ambayo mtu hawezi kuielewa mpaka aonje. Watu elfu tatu wanaimba dhidi ya elfu hamsini na sauti yao inasikika, kwa sababu kila aliyepo alihangaika kufika. Imba basi, umekuja kwa hilo. Watani watanieni juu ya makombe, vipigo vya zamani, kipa wao aliyeteleza. Lakini wimbo wa kudhihaki vifo, maafa, rangi, kabila au dini ya mtu hauna nafasi hata ukiimbwa na jukwaa zima. Kamera zinarekodi, klabu yako ndiyo itakayopigwa faini, na wewe unaweza kufungiwa viwanja. Zaidi ya hayo, upande ule kuna waliofiwa.

Sasa wewe uliyekaa na wenyeji. Mtihani wako ni mmoja: timu yako ikifunga. Mwili husimama kabla akili haijafikiri, ndiyo maana lazima ujiandae. Kila timu yako inaposhambulia, kaa ukiwa umeegemea nyuma, mikono imeshikana mapajani, miguu imenyooka. Goli likiingia, tazama ubao wa matokeo au chini, vuta pumzi, nyamaza. Hulazimiki kuigiza huzuni wala kulaani. Anayejifanya kukasirika hupitiliza, na jirani huona. Upande wa pili, wenyeji wakifunga na kila mtu akasimama, simama nao, maana ukibaki umekaa peke yako utaonekana. Kupiga makofi si lazima.

Jirani akikuuliza wewe ni wa timu gani, usidanganye kwa urefu. "Nimekuja kutazama mpira" ni jibu la kweli na linatosha. Akizidi kukuchimba, au ukianza kuona vichwa vinakugeukia, ondoka kama unayekwenda chooni, mtafute msimamizi, umweleze kimyakimya. Wasimamizi wanapendelea kumhamisha mtu anayejieleza kuliko kuamulia ugomvi.

Usiingie uwanjani, isipokuwa kujiokoa, hata timu ikitwaa ubingwa pale. Usirushe kitu. Usijibu ishara za wenyeji walio ng'ambo ya uzio.

Hatua ya 7: Umati unapobana

Hapa naomba usome pole pole. Hofu ya wengi ni ngumi za wapinzani, lakini kilichoua wengi zaidi viwanjani ni msongamano. Mjini Malang, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, mashabiki wa wageni walikuwa wamezuiwa kabisa kuingia uwanja wa Kanjuruhan. Bado watu 135 walikufa, baada ya polisi kufyatua mabomu ya machozi na umati kukimbilia milango myembamba, ingawa kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi hiyo uwanjani. Uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, tarehe 2 Januari 1971, watu 66 walikufa kwenye ngazi za kutokea, mechi ya watani ikiwa inamalizika.

Watu wakifika watano au sita kwenye mita moja ya mraba, mtu mmoja hawezi tena kuamua anakwenda wapi. Dalili huonekana kabla ya hapo. Unaguswa pande zote. Huwezi kuinua mikono kwa urahisi. Umati unayumba kwa mawimbi, na sauti za mbele zinageuka kutoka kelele za furaha kuwa za kuomba msaada. Dalili ya kwanza ikitosha kukushtua, ondoka hapo hapo, hata ukikosa goli.

Ukishabanwa, inua mikono mbele ya kifua kama bondia, ili mbavu zipate nafasi ya kupumua. Wengi hufa kwa kukosa pumzi wakiwa bado wamesimama. Usisukume kinyume na wimbi. Linapokubeba nenda nalo, na linapotulia sogea kwa mshazari kuelekea ukingoni. Kaa mbali na kuta, nguzo na uzio. Kitu kikidondoka, hata simu, kiache. Ukianguka na huwezi kuinuka, lala ubavu, jikunje, linda kichwa kwa mikono. Usipige kelele bila sababu, tunza pumzi.

Gesi ikifyatuliwa, funika pua na mdomo kwa skafu au nguo, na usikimbilie geti ambalo wote wanalikimbilia. Kama uwanja upande wako uko wazi na huoni mlango salama, kusogea sehemu yenye hewa ni bora kuliko kushuka ngazi iliyojaa.

Hatua ya 8: Baada ya kipenga

Usijidanganye kwamba wenyeji wakishinda ndipo pana usalama. Tarehe 1 Februari 2012 mjini Port Said, Misri, Al Masry waliwafunga Al Ahly 3-1 nyumbani. Kipenga cha mwisho kilipolia, watu waliingia uwanjani na kuwashambulia wageni, na wengi walibanwa kwenye njia ya kutokea iliyokuwa imefungwa. Watu 74 walikufa. Matokeo hayatabiri hali ya barabarani, kwa hiyo fuata mpango uleule ukiwa umefunga au umefungwa.

Mkizuiliwa jukwaani, kaeni. Mnasubirishwa ili wenyeji watawanyike. Anayegombana na msimamizi ili atoke kwanza anaomba kuingizwa katikati yao. Tumia muda huo kuchaji simu, kwenda chooni, kufunga koti juu ya jezi na kuwahesabu wenzako. Mkiruhusiwa, shukeni ngazi taratibu mkishika vishikio. Nyimbo ziishie getini.

Wewe wa jukwaa la wenyeji, toka na umati, kwa mwendo wa umati. Usiondoke dakika moja baada ya timu yako kufunga la ushindi, maana anayekimbia peke yake huulizwa kwa nini. Usipige simu kusimulia mechi mpaka uwe mbali, na picha mitandaoni zisubiri ufike.

Watoto, walemavu na malalamiko

Mtoto mdogo asianze na dabi ugenini. Mpeleke kwanza mechi isiyo na uhasama, na mwandikie namba yako mkononi. Shabiki mwenye ulemavu awasiliane na klabu zote mbili mapema, kwa kuwa nafasi za viti vya magurudumu kwa wageni ni chache, na viwanja vingine huziweka ndani ya jukwaa la wenyeji. Ulizia hilo waziwazi kabla ya kulipa.

Ukitendewa vibaya na msimamizi au polisi, usibishane pale. Andika saa, geti, sehemu ya jukwaa, namba ya kiti na namba ya kizibao au ya askari, na uombe mashuhuda wawili. Klabu zinazoshiriki mashindano ya UEFA zinatakiwa kuwa na afisa uhusiano wa mashabiki tangu msimu wa 2012/13, na klabu nyingine nyingi zina mtu wa kazi hiyo. Malalamiko yako mpelekee afisa wa klabu yako, si wa wenyeji, ndani ya siku chache, kabla picha za kamera za uwanja hazijafutwa, na umwombe aziombe zihifadhiwe.